Damu Aliyotupa Mamangu

Mikono ndiyo iliyoanza. Zuhura, nimwite hivyo ingawa silo jina lake, alikuwa na miezi tisa, ameanza kutambaa barazani kwetu hapa Shela, Malindi. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, kusi ikivuma na mchanga wa ufuoni ukirushwa hadi vichochoroni, alikataa kutambaa. Dada yangu alipomwinua akaona viganja vimefura, vidole vimejaa hadi ngozi inang'aa, na nyayo vivyo hivyo. Ukimgusa tu alilia kile kilio cha kukata pumzi, kisha ananyamaza na kukutazama.

Mamangu alipasha mafuta ya uto kwenye jiko la makaa akamkanda taratibu huku akimsomea. "Baridi yabisi hii," alisema. "Kusi imemwingia mifupani." Silibezi neno hilo hata leo. Mamangu alikuwa ameona watoto wa mtaani wakivimba viungo kila msimu wa baridi unapoingia, na alichokiona kilikuwa kweli: baridi huwaamshia watoto hawa maumivu. Alichokosa ni kujua kilichokuwa ndani ya damu yao.

Uvimbe uliisha siku ya tano, ukarudi baada ya mwezi. Zahanati moja ilimpa dawa ya maumivu na ya kuua vijidudu, mara tatu, na mara zote tatu hakuna aliyemtoa tone la damu kulipima. Hilo bado linaniuma. Mtoto wa Pwani, hajatimiza mwaka, mikono na miguu imevimba kwa pamoja: hiyo ni moja ya dalili za mwanzo kabisa za selimundu, ambayo wengi wetu huku tunaiita sikoseli. Tulipoteza miezi mitano kwa kukosa tone moja.

Tulijua akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, siku alipoamka macho yamepiga manjano kama yaliyopakwa bizari na midomo imepauka kabisa. Tulipanda matatu hadi Kilifi, dada amempakata, mimi nimeshika mkoba wa nguo na chupa ya maji ambayo hatukujua bado jinsi ilivyo na thamani, maana mwili wa mtoto wa selimundu ukipungukiwa maji, maumivu huamka. Usiku ule aliongezwa damu. Kesho yake kijana wa maabara alinifanyia hisani ambayo sitaisahau: aliniita nitazame kwenye hadubini.

Tone la damu ya Zuhura lilikuwa limetiwa dawa ya kuondoa oksijeni, likafunikwa kwa kigae chembamba cha kioo. Kwanza alinionyesha damu ya mtu asiye na ugonjwa huu: chembe nyekundu za duara, zimebonyea katikati, zimelala kama vijisahani. Kisha akabadilisha kioo. Nyingi katika chembe za Zuhura zilikuwa zimerefuka na kupinda, zina ncha huku na huku, mfano wa mundu, mfano wa mwezi wa siku mbili. "Hizi haziwezi kujikunja zikapita kwenye mishipa myembamba, mzee," aliniambia. "Zinanasa, zinaziba njia, na mfupa ulio mbele unakosa damu. Hapo ndipo mtoto anapolia." Akaongeza kwamba chembe ya kawaida huishi kama siku 120, na hizi hufa baada ya siku 10 hadi 20. Mwili unakimbizana kutengeneza nyingine na haufikii. Umanjano wa macho ni mabaki ya zile zilizokufa.

Niliporudi nyumbani nilitaka kujua kila kitu. Mimi si daktari, ni fundi wa umeme. Lakini kwa miaka hii nimesoma, nimeuliza, nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki na kuwasumbua watu wenye makoti meupe, na nimeona afadhali niandike, kwa sababu habari hizi zinatuhusu sisi wa Pwani kuliko wengi wanavyodhani.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, imeshonwa kwa vipande vidogo vilivyopangwa mstari. Mnyororo mmoja wapo, unaoitwa beta, una vipande 146. Katika mtu mwenye hemoglobini ya selimundu, kipande cha sita kimebadilika, basi. Vernon Ingram aliligundua hilo Uingereza katika miaka ya 1956 na 1957, akifuata kazi ya Linus Pauling wa Marekani, ambaye mwaka 1949 alionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine. Nilipomweleza dada yangu nilitumia mfano wa chuoni, tulikosomea Kurani. Mwalimu wetu hakuacha herufi ipite. Ukisoma qalb ukaitamka kama kalb, herufi moja tu, moyo umegeuka mbwa. Dada alielewa papo hapo.

Kuhusu urithi ilituchukua muda zaidi. Kila mtu hupokea nakala mbili za jeni ya hemoglobini, yaani maelekezo ya kuitengeneza, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala mbili nzima huandikwa AA. Mwenye moja nzima na moja ya mundu ni AS, naye kwa kawaida huishi maisha yake yote bila kujua. Mwenye mbili za mundu ni SS, kama Zuhura. Wazazi wakiwa AS wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa SS.

Hapo kwenye "robo" ndipo shemeji yangu alipojikwaa, na nimewasikia baba wengi wakijikwaa palepale. "Basi," alisema kwa furaha, "mmoja katika wanne tumeshampata. Watatu wajao wazima." Siyo hivyo. Mimba haikumbuki mimba iliyotangulia. Kila mara kete inarushwa upya, na nimekutana na mama kliniki mwenye watoto watatu wa SS na mwingine mwenye watano bila hata mmoja. Afisa mmoja wa ushauri alimwambia shemeji jambo hili kwa utulivu, tena na tena, mpaka nikaona bega lake linashuka. Natamani kila anayetamka hiyo "robo" asimame pale na asiondoke kabla bega halijashuka.

Ukoo nao ulikuwa na maneno yake. Walisema ni kwa sababu ya kuoana binamu kwa binamu. Dada na mumewe hawana udugu wowote. Yeye ni wa Marafa, sisi asili yetu Mambrui. Ni kweli kwamba binamu wakioana katika ukoo wenye nakala hiyo, uwezekano unaongezeka. Lakini huku Pwani nakala imeenea sana, kiasi kwamba watu wawili wasiojuana kabisa wanaweza kuwa nayo wote. Watafiti walipopima maelfu ya watoto wachanga katika eneo la Kilifi, walikuta karibu mmoja katika kila mia ana SS. Karibu mmoja kwa kila mia! Hesabu madarasa ya shule iliyo karibu nawe, kisha ujiulize hao watoto wako wapi.

Wengi hawafiki darasani. Inakadiriwa kwamba barani Afrika, bila matibabu, nusu au zaidi ya wanaozaliwa na SS hufa kabla ya miaka mitano, aghalabu wakizikwa kwa jina la homa au upungufu wa damu.

Swali la kwa nini sisi, kwa nini Pwani na Ziwa na si milimani, lilijibiwa na mtu aliyekulia Kenya. Anthony Allison, mtoto wa walowezi, alirudi mwaka 1949 na msafara wa wanafunzi wa Oxford, akapima damu za watu sehemu mbalimbali za nchi. Kandokando ya bahari na kandokando ya Ziwa Victoria nakala ya mundu ilijaa. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ilikuwa haba sana. Akaoanisha na ramani ya malaria, na mwaka 1954 akachapisha hoja yake: mwenye AS ana kinga dhidi ya malaria. Ndiyo maana nakala hii haikufutika kwa karne zote hizo. Watoto wa AA wengi zaidi walikufa kwa malaria, watoto wa SS walikufa kwa selimundu, na waliobaki kuzaa wengi walikuwa wale wa katikati.

Nusu karne baadaye wanasayansi wa kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, palepale Kilifi, wakaongozwa na Thomas Williams, walifuatilia watoto wetu na mwaka 2005 wakatoa kipimo cha kinga hiyo: karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Naomba hapa msomaji asinielewe vibaya, maana nimesikia watu wakichanganya. Kinga ni ya AS. Mwenye SS hana bahati hiyo. Malaria ikimpata inaporomosha damu kidogo aliyo nayo.

Kuna jambo katika kazi ya Allison ambalo siwezi kulipita. Alichukua wanaume 30 Waluo, 15 wenye nakala ya mundu na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Katika wasio nayo, 14 waliugua. Katika wenye nayo, wawili tu. Jibu lilikuwa wazi kama jua. Majina ya wale 30 sijawahi kuyaona popote, na kila ninaposoma habari hii huwafikiria wao kabla ya kumfikiria Allison. Leo jaribio kama hilo lina kamati ya maadili, karatasi ya ridhaa kwa lugha unayoijua, na haki ya kuondoka wakati wowote. Ni vizuri iwe hivyo.

Maana damu huku si jambo dogo. Mamangu alikua akisikia habari za mumiani, wale wanaosemekana kuwavizia watu usiku na kuwanyonya damu iwe dawa. Zuhura alipotolewa vichupa viwili vya damu Kilifi, mamangu alimvuta dada pembeni: "Vyote viwili vya nini? Kimoja hakitoshi?" Muuguzi alimsikia. Hakucheka. Alichukua kijiko cha chai, akatia maji kutoka kwenye kichupa hadi kijiko kikakaribia kujaa, akamwonyesha: "Ni hiki tu, bibi. Hakijai hata kijiko." Mamangu aliangalia kijiko muda mrefu, kisha akakirudisha mezani mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Utafiti wowote utakaokuja huku na vichupa vyake, naomba uje pia na kijiko hicho.

Sasa nije kwenye dawa, kwani hilo ndilo hasa lililonikalisha kuandika.

Mwaka 1948 daktari wa watoto New York, Janet Watson, aligundua kwamba vichanga wenye selimundu wana chembe chache zinazopinda, na akadhani ni kwa sababu ya hemoglobini ya tumboni. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya aina nyingine, ambayo haina kosa lile. Baada ya kuzaliwa inapungua taratibu, ya ukubwani inachukua nafasi, na karibu na miezi sita ugonjwa unaanza kujitokeza. Zuhura alikuwa bonge la mtoto hadi mwezi wa nane, na mamangu aliapa kuna mtu alimtupia jicho. Kumbe kilichokuwa kinamlinda ni mabaki ya damu aliyotoka nayo tumboni.

Ikiwa hivyo, je, mwili unaweza kurudishwa kutengeneza ile ya kichanga? Dawa iitwayo haidroksiyurea, iliyokuwa ikitumiwa kwa saratani, ilionekana inaweza. Mwaka 1995 jaribio kubwa la watu wazima Marekani lilionyesha kwamba inapunguza mashambulizi ya maumivu karibu nusu. Lakini Afrika ilibaki na hofu ya haki kabisa. Dawa hii hupunguza chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili. Kumpa mtoto wa Marekani ni jambo moja. Kumpa mtoto anayelala penye mbu wa malaria, je, si kumvua ngao?

Hofu haijibiwi kwa maneno, hujibiwa kwa kupima. Nchi nne zilishiriki katika jaribio lililoitwa REACH: Angola, Kongo, Uganda na Kenya, na kituo cha Kenya kilikuwa Kilifi. Watoto 606 wa mwaka mmoja hadi kumi walianza dawa. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2018, na nilipoyasoma nilinyanyuka kwenye kiti. Ukihesabu kwa kila watoto 100 kwa mwaka, mashambulizi ya maumivu yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6. Kuongezwa damu, kutoka 43.3 hadi 14.2. Vifo, kutoka 3.6 hadi 1.1. Na malaria, ile iliyoogopwa? Ilishuka nayo, kutoka 46.9 hadi 22.9.

Kwa uaminifu niseme kwamba hawakuweka kundi la kupewa kidonge cha bandia. Walilinganisha watoto hao kabla ya dawa na baada ya dawa, na kipindi cha kabla kilikuwa cha miezi miwili tu. Mwenye shaka ana nafasi yake hapo. Lakini Uganda mwaka uliotangulia walikuwa wamefanya jaribio lenye kundi la bandia, na huko pia malaria haikuongezeka.

Zuhura alianza dawa 2019, akiwa na miaka mitatu. Dada ana daftari la hesabu lenye jalada la bluu ambalo ndani yake ameandika kila usiku wa maumivu tangu siku ya kwanza, tarehe na saa, na herufi M kwa mkono au mguu uliomshika. Kurasa za 2017 na 2018 zimejaa M hadi pembeni. 2019 zinaanza kuachana. 2021 kuna miezi mitatu mfululizo ambayo ukurasa ni mweupe, isipokuwa dada ameandika katikati kwa kalamu nyekundu, Alhamdulillahi.

Kisha kuna kurasa ambapo M zinarudi. Hizo ndizo wiki dawa ilipokosekana. Nimezunguka Malindi nzima kwa pikipiki, duka moja la dawa hadi jingine, kuanzia Barabara ya Lamu hadi Maweni, nikiambiwa imeisha, au haijaagizwa, au "hiyo si ya saratani, mzee?" Nimewahi kumtuma dereva wa matatu aninunulie Mombasa, na nimewahi kulipa bei ambayo siku hiyo ilinila kazi ya juma zima. Inayopatikana ni kapsuli ya miligramu 500, kubwa kuliko uzito wa mtoto unavyotaka, hivyo kliniki hutupangia siku za kumpa na siku za kumpumzisha, na lazima damu yake ipimwe mara kwa mara ili chembe nyeupe zisishuke mno. Dawa hii haitumiwi kwa kukisia, wala kwa kuazimana na jirani.

Hiki ndicho kinachonikaa kooni. Ushahidi kwamba dawa hii inafaa kwa mtoto wa Afrika ulipatikana mwendo wa saa moja na kidogo kutoka nyumbani kwetu, kwa damu ya watoto wanaosema lugha yetu. Mama zao walipanda matatu zilezile. Dunia nzima inasoma matokeo yao. Basi mtoto wa Mambrui au Ganda azaliwe leo, asipimwe, avimbe mikono, aitwe wa baridi yabisi mwaka mzima, na dawa iwe ni ya kutafutwa kwa pikipiki? Tone la damu la kisigino siku ya kuzaliwa, penisilini ya kila siku katika miaka ya mwanzo, kinga ya malaria, na haidroksiyurea isiyokatika. Hakuna hata kimoja hapo kinachosubiri kugunduliwa.

Vikubwa zaidi vinagunduliwa, na ninavifuatilia kwa hamu. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy. Huchukuliwa seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, zikahaririwa ili ziwashe tena ile hemoglobini ya kichanga, mlango uleule alioubisha Janet Watson. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2. Nafurahi kwa kila aliyepona. Mimi bado natafuta kapsuli.

Mwaka jana tulipimwa nyumba nzima. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na posa, na dada alisimama mbele ya wazee akasema hakuna mahari yatakayotajwa kabla ya karatasi mbili za damu kuwekwa mkekani. Kulikuwa na minong'ono, lakini alikuwa na daftari la bluu mkononi na wazee walilijua. Tukaenda wote. Mimi AS. Bwana harusi AA, kwa hiyo hakukuwa na la kuhofia.

Mamangu ni AS. Alipoambiwa alikaa kimya njia nzima ya kurudi. Jioni, tukiwa barazani, akasema: "Kwa hivyo ni miye niliyempa."

Nilimweleza habari za Allison na ramani yake. Yeye alizaliwa Mambrui, ng'ambo ya Sabaki, na masika moja alipokuwa na miaka sita, mto ukiwa umefurika na mbu wamejaa, nyumba yao ilipoteza watoto wawili kwa homa ndani ya wiki tatu, kaka yake na mdogo wake wa kike. Yeye naye alishikwa na homa ileile, akaamka siku ya nne akitaka uji. Nimekuwa nikiisikia hadithi hiyo tangu utotoni. Hakuna kipimo kinachoweza kuniapia kwamba ni ile nakala moja iliyomwamsha. Lakini nilimwambia ninavyodhani.

Aliutazama mkono wake, akaugeuza, akaangalia mishipa.

"Na Zuhura je? Hicho kilichonilinda miye, yeye kinamlinda?"

"La, mama. Yeye kazipata zote mbili."

Akaitikia kwa kichwa. Zuhura, ambaye sasa yuko darasa la nne, alikuwa anatoka kwenda chuoni, juzuu kwapani, ameshafika mlangoni. Mamangu akamwita arudi. Akamfungulia chupa ya maji, akamshika begani, na hakuliachia bega mpaka maji yalipofika nusu ya chupa.